Uandishi wa Habari Si Sauti Nzuri Tu

Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nami nimeenda, nimerudi, na sasa nimeketi niwasimulie niliyoyaona na kuwatolea maoni yangu. Msomaji mpendwa, usidhani nataka kujigamba kwa sababu nilipanda basi la shule hadi Nairobi. La hasha! Nina neno rohoni, na neno lenyewe linamhusu kila mmoja wetu anayeandika kwenye gazeti letu la ukutani, na kila mmoja anayelisoma pale nje ya bwalo huku akicheka.

Tangu nikiwa shule ya msingi huko kwetu Makueni, ukiniuliza ninataka kuwa nani, nilikuwa nakujibu bila kusita: mtangazaji. Nyumbani tulikuwa na redio ndogo, kifuniko chake cha betri kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Asubuhi ilikuwa Musyi FM au Mbaitu FM kwa Kikamba, jioni taarifa ya habari kwa Kiswahili. Nilipotumwa maji mtoni nilikuwa natangaza njia nzima, na wasikilizaji wangu walikuwa punda wawili. Mjomba wangu alinifundisha kumwiga Leonard Mambo Mbotela, yule aliyeliuliza taifa kwa miaka mingi, "Je, Huu ni Ungwana?" Alipoaga dunia mwezi wa Februari mwaka 2025, mjomba alikaa kimya jioni nzima kama aliyefiwa na ndugu. Mimi nilichokiona katika kazi hiyo ni sauti, suti na kujulikana mjini. Basi.

Mwaitu, yaani mama yangu, huuza ndengu na maembe sokoni Wote. Mtu wa soko hana maneno mengi. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hiyo kazi ya kusema, itakulisha?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia angoje.

Basi muhula uliopita Chama cha Kiswahili kikapanga ziara ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ili sisi tunaotamani kazi ya uandishi wa habari tukajionee wenyewe. Tuliondoka Kitui saa kumi alfajiri, usingizi bado umetukalia machoni. Tulipita Kwa Vonza, kilipo Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichopewa hati yake mwaka 2013, na rafiki yangu mmoja akauliza kwa nini tunaenda mbali na hali chuo kikuu kiko mlangoni. Mwalimu mlezi wetu akacheka, akasema tunakwenda kule ambako uandishi wa habari ulianza kufundishwa kama masomo ya chuo kikuu mwaka 1970. Tulivuka Mto Athi, mto uleule ambao kule chini unatenganisha Kitui na Makueni, shule yangu ng'ambo moja na kwetu ng'ambo ya pili. Tukapita Wamunyu kwa wachonga vinyago, Masii, Machakos, kisha tukaingia barabara ya Mombasa. Kufika Mlolongo, lo! Magari yamesimama kama mbuzi zizini. Tulifika tumechelewa, lakini tulifika.

Nitapita haraka juu ya majengo. Ni makubwa, na wanafunzi wake hutembea bila kengele kuwafukuza. Yaliyonigusa yalitokea ndani ya chumba kimoja cha kawaida, chenye ubao na viti, mbele ya mhadhiri mmoja mama aliyetukaribisha kwa Kiswahili sanifu kuliko chetu.

Hakutuonyesha kamera wala maikrofoni kwanza. Alitupa karatasi, akasema: "Andikeni habari moja ya shuleni kwenu. Nawapa dakika ishirini." Wenzangu walihangaika wakitafuna kalamu. Mimi nilifurahi moyoni, maana habari nilikuwa nayo tayari, tena ilikuwa imekwisha kunipa sifa.

Wengi wenu mnaikumbuka. Niliibandika mimi mwenyewe kwenye gazeti la ukutani, kichwa chake kwa wino mwekundu: "GUNIA LA USIKU: SUKARI YETU INAENDA WAPI?" Nilieleza kwamba mpishi wetu mmoja, mzee ambaye sitamtaja, huonekana akitoka jikoni magharibi na gunia begani, na kwamba ndiyo maana uji wetu hauna utamu. Siku hiyo hata vidato vya juu walikuja kusoma. Watu walinipiga begani, eti mimi sasa ni mwandishi kamili. Niliandika tena kisa hicho mbele ya yule mhadhiri, na nikakisoma kwa sauti ya taarifa ya saa moja.

Alipomaliza kunisikiliza alisema sauti yangu ni nzuri. Kisha akaniuliza maswali matatu, polepole.

"Nani alikuambia kuna sukari ndani ya gunia?"

Nikasema watu walikuwa wanasema.

"Wewe mwenyewe uliona nini?"

Nikasema niliona gunia.

"Naye mzee alisema nini ulipomwuliza?"

Msomaji, chumba kilinyamaza kabisa. Sikuwa nimemwuliza. Ukweli ni kwamba halikunijia hata wazo la kumwuliza. Mhadhiri hakunikaripia. Alichukua chaki akaandika ubaoni: Nani kasema? Umeona nini? Yeye kajibuje? Akasema mambo mengine yote ambayo hufundishwa pale, kuandika kichwa cha habari, kushika kamera, kusoma mbele ya maikrofoni, ni mapambo ya nyumba ambayo nguzo zake ni hayo matatu. Nilikaa chini uso unawaka kama niliyemwagiwa pilipili.

Aliendelea kutueleza kuwa jambo hili si adabu tu, ni sheria. Katiba yetu ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa kujieleza katika kifungu cha 33, na uhuru wa vyombo vya habari katika kifungu cha 34. Sote tulipiga makofi. Lakini kifungu cha 35, ambacho hutupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, kina sehemu ya pili ambayo wengi hatuijui: kila mtu ana haki ya kutaka habari ya uongo au ya kupotosha inayomhusu isahihishwe au ifutwe. Kila mtu! Hapo sikusikia waziri wala gavana. Nilimsikia mpishi.

Turudi nyumbani sasa. Siku ya pili baada ya ziara, nilikwenda jikoni kabla ya prepo. Mzee alikuwa anasugua sufuria kubwa ya muthokoi. Nilimwamkia, nikamwomba radhi kwa kumpotezea wakati, nikamwuliza lile swali nililopaswa kumwuliza mwanzo. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda pembeni, akaleta lile gunia, akalifungua. Ukoko wa ugali, maganda, na makombo ya sahani zetu. Ni chakula cha kuku wake. Aliomba ruhusa ya kuyachukua ofisini, akaruhusiwa, na karani anajua. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sikuumia sana, nimezeeka. Lakini mjukuu wangu yuko Kidato cha Pili hapa hapa. Tangu ile karatasi, haingii bwalo wakati wenzake wanaingia. Husubiri watoke."

Sikujua kabisa kwamba ana mjukuu hapa. Ninyi mlijua? Baadhi yenu mlijua, kwa maana ni ninyi mliokuwa mkimwita yule mtoto "Sukari".

Nimeeleza haya si kwa sababu napenda kujianika. Nimeeleza kwa sababu nina maoni matatu, nami nisingekuwa na haki ya kuyatoa bila kwanza kulipa deni langu. Kwa hiyo nasema mbele ya shule nzima: habari ile ilikuwa ya uongo, niliiandika mimi, na ninamwomba mzee yule na mjukuu wake msamaha. Ajuaye gharama ya ulimi ni yule aliyeumwa nao.

Maoni yangu ya kwanza ni haya. Sisi wanafunzi tunaichagua kazi ya habari kwa sababu mbovu. Tunachagua umaarufu. Tunawaona watangazaji wawili kwenye runinga, wamependeza, nasi tunasema hiyo ndiyo kazi. Hatuwaoni waandishi waliokaa mahakamani tangu asubuhi wakiandika, wala mhariri anayefuta nusu ya habari kwa sababu haina ushahidi. Na kazi yenyewe haina mteremko. Mwaka 2020, wakati wa korona, waandishi wengi wa nchi hii walifutwa kazi au wakakatwa mishahara, na matangazo ya biashara, ambayo ndiyo yanayolisha magazeti, yanaendelea kuhamia kwenye simu. Mhadhiri alituambia wazi: asiyependa kuuliza asije, maana kwa mshahara pekee atajuta. Akatushauri mtu asome uandishi pamoja na ujuzi mwingine, kama kilimo, afya, sheria au hesabu za fedha. Mwandishi anayeijua bajeti ya kaunti atasomwa hata akiwa na sauti ya chura.

Na kwa wale wanaodhani mlango ni mmoja tu, sivyo. Ukipata C+ katika KCSE waweza kuomba shahada, mradi utimize masharti ya kozi katika lugha. Aliye chini ya hapo bado ana stashahada, na Chuo cha Mawasiliano ya Umma cha Kenya kule Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1961, kimetoa watangazaji na mafundi wengi tunaowasikia. Kwa hiyo msikate tamaa, lakini pia msidanganyike.

Maoni yangu ya pili: Ukambani unahitaji waandishi wake. Susu yangu hakuhesabu miaka kwa tarakimu, aliihesabu kwa njaa. Kulikuwa na Ngomanisye, ile iliyoenea kila mahali mwishoni mwa karne ya 19. Kulikuwa na Yua ya Ndeke mwaka 1961, wakati mahindi yalipoangushwa kwa ndege. Na mwaka 1984 ikaja Nikwa Ngwete, maana yake nakufa huku nimeshika. Umeshika nini? Pesa. Pesa mkononi na chakula cha kununua hakuna. Jamani, hivyo si vichwa vya habari? Maneno mawili, na ukweli wote umo ndani. Kumbe wazee wetu walikuwa waandishi wa habari kabla gazeti halijafika.

Katika mwaka huohuo wa 1984, Mkenya mwenzetu Mohamed Amin alikwenda Korem, Ethiopia, na kamera yake. Picha alizopiga zilionyeshwa ulimwenguni, watu wakalia, na misaada ikapelekwa. Kamera haikupika chakula, lakini ilimwamsha aliyekuwa na chakula. Hiyo ndiyo nguvu ninayoisema.

Leo taarifa za kwetu zinasikika lini? Mvua ikikosekana. Kiangazi kikipita, wageni hufunga kamera zao wakaenda. Lakini sisi hatuishi kwa njaa peke yake. Hapa Kitui na kule Makueni yapo mambo ya kuandikwa kila wiki. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018 pale Mto Athi unapokutana na Thwake, limehamisha jamaa nyingi: nani amewauliza wanaishije sasa? Mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba huko Thange, karibu na Kibwezi, yakachafua mto na mashamba, na wakazi wakadai haki yao kwa miaka. Mchanga unachotwa kwenye mito yetu, na mto usio na mchanga hauweki maji. Kiwanda cha maembe kipo Kalamba, na mama yangu ana maembe: bei inapangwaje? Hayo ni maswali ambayo mtoto wa Nairobi hatayauliza, kwa sababu punda wake hajawahi kurudi na mtungi mtupu. Mtoto wa hapa anayajua, ila anafikiri hayo si habari kwa kuwa ameyazoea.

Hapo kuna wenzangu watasema, "Aa, lakini Kiswahili hakilipi, andika Kiingereza." Nawapinga. Gazeti la Taifa lilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, likazaa Taifa Leo, na mpaka sasa lingali mezani katika maktaba za shule nyingi. Taarifa ya habari ya Kiswahili huunganisha muuza maembe wa Wote, mvuvi wa Lamu na dereva wa lori la Malaba. Kikamba nacho kina redio zake, na anayekijua vizuri ana kazi ambayo wengine hawawezi kuigusa. Lugha mbili si mzigo, ni mikono miwili. Lakini tuzijue kweli. Si kuchanganya sheng, Kiingereza na Kikamba katika sentensi moja halafu tuseme tunaongea Kiswahili!

Maoni yangu ya tatu yanahusu chama chetu, nayo nayaelekeza kwa walimu wetu waheshimiwa pamoja na viongozi wa chama. Baada ya makosa yangu, wengine walipendekeza gazeti la ukutani lifungwe kabisa. Nawaelewa. Hata hivyo naona kufunga gazeti kwa sababu ya uongo mmoja ni kama kuacha kupika kwa sababu ugali uliungua jana. Uongo haungoji gazeti. Ule wa sukari ulianza bwenini kabla sijauandika, na siku hizi huenda kasi zaidi kwa simu: likizoni mtu hupokea jambo, hata hajalisoma lote, amekwisha kulituma kwa watu hamsini. Gazeti lenye kanuni ndilo litakalotufundisha kusita.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Yale maswali matatu ya mhadhiri yaandikwe juu ya ubao wa gazeti, na habari yoyote isiyoyajibu isibandikwe. Mtu anayetajwa, awe mwalimu, mwanafunzi au mpishi, aulizwe kwanza, na jibu lake lichapishwe pamoja na habari. Pawe na pembe ya masahihisho kila wiki, wala tusiione kuwa aibu, maana hata magazeti makubwa huomba radhi. Tena mhariri atoke miongoni mwetu, naye mwalimu mlezi awe mshauri. Hili la mwisho najua lina utata. Baadhi ya walimu wataona tunatafuta uhuru wa kuwasema. Nawajibu kwa heshima: tukizuiwa kuuliza maswali halali, kama vile kwa nini tangi la maji la mabweni halijai, hatutanyamaza. Tutanong'ona, na mnong'ono hauna mhariri. Ni afadhali swali lililoandikwa na kutiwa sahihi kuliko gunia la uvumi.

Nilipofika nyumbani likizo, mwaitu alikuwa anapeta ndengu. Akaniuliza nililoona huko Nairobi, na kama kazi ya kusema italisha mtu. Nilimwambia sijui kama italisha vizuri, lakini si kazi ya kusema, ni kazi ya kuuliza. Nikamsimulia kisa cha mzee na kuku wake, chote, bila kujificha. Alipeta kwa muda bila kujibu. Kisha akasema, "Kama ni kuuliza, basi anza hapa. Kuna dalali amenunua ndengu za soko zima kwa bei ya kutupa, na hakuna anayejua bei ya Nairobi. Uliza."

Nilichukua daftari nikaketi naye. Nilimwuliza dalali pia, akanijibu kwa hasira, lakini akanijibu, nami niliyaandika majibu yake kama alivyoyasema. Habari hiyo mtaiona ukutani muhula ujao, ikipita mikononi mwa mhariri. Haina wino mwekundu.

Nimemaliza. Kama nimekosea popote, mniulize. Na yule mdogo wetu wa Kidato cha Pili, ukisoma haya, leo jioni njoo bwaloni na wenzako. Nimekuwekea nafasi mezani kwetu.